Kibuyu Chini ya Gurudumu

Kwa miaka thelathini na mmoja Ki Sun-im alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilijulikana na kila mtu kijijini Neutigol: kuamka kabla ya jogoo, kusaga soya na kutengeneza tofu. Ya pili hakuna aliyewahi kumshukuru kwayo, nayo ilikuwa kumficha mumewe funguo za gari.

Alianza kwa kuzificha kwenye pipa la mchele. Mumewe, Tak Man-seok, akazipata. Sun-im akazihamishia chini ya kifuniko cha mtungi wa soya iliyochacha, kule nyuma ya nyumba, mume akazipata pia, maana mlevi anayetafuta funguo ana pua kali kuliko mbwa wa polisi. Kuna mwaka alizifunga ndani ya soksi akazisukumia chini ya kuku anayeatamia. Man-seok alidonolewa mikono yote miwili, akarudi sebuleni akinung'unika kwamba nyumba hii haina heshima kwa baba mwenye nyumba. Mwishowe Sun-im akawa anazitia kwenye sidiria yake, na huko zilikaa salama kuliko kote, kwa kuwa Man-seok alikuwa hajafika huko siku nyingi.

Watu walisema Man-seok si mtu mbaya. Ukisikia mtu anasifiwa hivyo, ujue wanaomsifu wametafuta kingine wakakosa. Alikuwa mfupi, mabega mapana, kicheko kikubwa, wa kwanza kufika kwenye mavuno ya jirani na wa mwisho kuondoka kwenye meza yake. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na aliitembeza kama medali: aliamini kwamba pombe inamkaa vizuri.

"Wengine wakinywa wanalewa," alikuwa akisema. "Mimi nikinywa nachangamka. Mkono unatulia. Macho yanaona mbali."

Mara mbili macho hayo yanayoona mbali yaliingiza trekta kwenye shamba la mpunga lenye maji. Mara ya kwanza Man-seok alilaumu mvua. Mara ya pili mvua haikuwepo, akalaumu shamba. Polisi hawakumkamata hata siku moja, na hilo ndilo lililommaliza. Mtu akifanya upumbavu miaka thelathini bila kuguswa, mwisho wake anaanza kuuita ujuzi, na wanaume wenzake wa Neutigol, ambao kila mmoja alikuwa na shamba lake alilowahi kulilaumu, walimpigia makofi.

Aliyemcheka waziwazi alikuwa mmoja, Yang Bun-i, mjane wa miaka sabini na sita aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Sun-im. Mgongo wa Bun-i ulikuwa umepinda kwa kuinamia mpunga na vitunguu saumu tangu utotoni, kwa hiyo alitembea akisukuma kigari cha kubebea mtoto, kilichowahi kumbeba mjukuu wake ambaye sasa yuko jeshini. Ndani yake alitia mwavuli, kiko alichokuwa hakivuti tena, na jiwe zito la kukifanya kisiyumbe. Kila siku saa tano alikisukuma hadi ukumbi wa kijiji, akala chakula cha mchana na wazee wenzake, akacheza karata na kuwaibia bila kificho, na saa nane akakisukuma kurudi nyumbani. Magurudumu yalikuwa yakilia njia nzima. Mtu alimwomba ayapake mafuta, Bun-i akamwambia ampake mkewe kwanza.

Kulia kwa magurudumu yale kulikuwa na maana kubwa kuliko kelele. Mwanawe Bun-i, Chang-gyu, mwenye ofisi mjini Daejeon, alikuwa amekwisha kumtafutia mama yake kitanda katika nyumba ya kutunzia wazee, akawa anakuja kila sikukuu na karatasi mfukoni. Sikukuu moja Bun-i alimkatiza mbele ya watu wote.

"Siku nitakaposhindwa kwenda ukumbini na kurudi kwa miguu yangu, njoo unichukue, sitabisha," alimwambia. "Kabla ya siku hiyo, usinitajie kitanda chako."

Chang-gyu akakubali. Kijiji kizima kilijua mapatano hayo. Ndiyo maana Bun-i hakukosa kwenda hata theluji ilipofika magotini, na ndiyo maana Sun-im, akiwa jikoni kwake mikono imezama kwenye maji ya soya, alitega sikio saa tano na saa nane, na aliposikia magurudumu yanalia, moyo ulimtulia.

Alikuwa na sababu. Alipoletwa Neutigol akiwa bibi harusi, tofu yake ya kwanza ilivunjika chenga chenga. Bun-i alikuja bila kualikwa, akaionja, akauliza, "Mdogo wangu, hii ni tofu au ulikuwa unalia sufuriani?" Kisha akakaa naye siku tatu, mpaka mkono wa Sun-im ukajua wenyewe kiasi cha maji machungu ya chumvi yanayogandisha soya. Tangu hapo kipande cha kwanza cha moto, kinachotoa mvuke, kilikuwa cha Bun-i. Walikila pamoja barazani wakiwasema watu: mwenyekiti wa kijiji na tai yake, wanaume na ubingwa wao wa kunywa, wanawake wanaowacheka waume zao chinichini na kuwanyenyekea hadharani. Binti yake Sun-im, Eun-sol, alikuwa ameolewa Busan. Bila Bun-i, Sun-im asingekuwa na mtu wa kuzungumza naye isipokuwa Man-seok, yaani asingekuwa na mtu.

Mwanzoni mwa Oktoba gari la zamani likakata roho, wakanunua jipya, kigari cha mizigo cha buluu ambacho viti vyake vilikuwa bado na nailoni. Sun-im alitaka mambo madogo: samaki mkavu afungwe kwa uzi mweupe, atundikwe ndani ya gari alinde safari, basi. Man-seok akaja juu.

"Mama Eun-sol, gari jipya bila tambiko? Unataka nife barabarani?"

"Nataka usinywe."

"Tambiko si kunywa."

"Birika linalokuwa mezani huwa la maji?"

"Ile si pombe, ni baraka. Ukiichanganya baraka na pombe ndiyo maana mambo ya nyumba hii hayaendi."

Akaenda sokoni kununua kichwa cha nguruwe. Alirudisha vitatu kwa sababu havikuwa na tabasamu la kutosha, akachukua cha nne.

Siku ya tambiko uwanja wa ukumbi ulijaa watu kabla ya saa sita. Gari lilisimama katikati, milango yote wazi, boneti wazi, samaki mkavu wa Sun-im ananing'inia ndani. Mbele yake meza: peremende za wazee, matofaa, tofu ya Sun-im, na yule nguruwe akiwachekea wote. Funguo ziliwekwa kwenye sahani mbele ya pua yake. Mwenyekiti wa kijiji, Noh Deok-su, alikuwa amevaa tai, kwa kuwa hakuna jambo ambalo Noh aliona linaweza kwenda bila tai yake. Man-seok akavua viatu, akasujudu mara tatu, akasoma karatasi aliyoandikiwa na mwenyekiti.

"Gari hili lisikutane na ajali," alisoma. "Magurudumu haya manne yasiguse mtu, yasiguse mnyama. Dereva apewe macho maangavu na mkono ulio imara."

Kisha akachukua birika na kuyamwagia magurudumu pombe nyeupe ya mchele, moja baada ya jingine. Pombe hiyo alikuwa ameipika Sun-im mwenyewe, siku kumi ndani ya mtungi uliofunikwa blanketi, na hata yeye alijua kwamba safari hii imetoka nzuri kupita kiasi. Hebu litazameni jambo hilo. Watu wazima arobaini wamesimama mchana kweupe kuiomba mizimu ya barabara iwaepushe na ajali, na mkononi mwa kila mmoja wao kuna bakuli.

Kilichomiminiwa mizimu lazima kinywewe na walio hai, kukiacha ni kuitupa baraka, na mwenye gari hawezi kukataa hata kidogo. Anayemmiminia ni mkewe. Sun-im akashika birika. Bakuli la kwanza alilijaza nusu.

"Baraka nusu?" akapaza sauti mwenyekiti. "Basi na ajali iwe nusu!"

Watu wakaangua kicheko. Sun-im akajaza mpaka juu. La pili lilikuwa la magurudumu ya mbele na la tatu la magurudumu ya nyuma, na mashavu ya Man-seok yakaanza kuiva. Hapo Sun-im akajifanya anafuta meza, akapitisha kitambaa juu ya sahani, na kitambaa kilipoondoka funguo zilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Mikono iliyofanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja haikuhitaji kutazamwa.

Bun-i aliiona hata hivyo. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za ukumbi, anatafuna sikio la nguruwe upande wenye meno. Saa nane ilikuwa imefika. Akainuka, akashika kigari chake, akapita karibu na Sun-im.

"Ziko wapi?" akauliza bila kugeuza shingo.

"Mfukoni."

"Zikae humo humo. Huyo mwanaume ameshaanza kuona mbali."

"Nenda salama, dada. Jioni nakuletea tofu."

"Iwe ya moto. Jana uliniletea ya uvuguvugu kama mimi mgonjwa."

Akaondoka, na magurudumu yakaanza kulia kuelekea barabara ya bwawani.

Bakuli la nne mwenyekiti alilitolea hotuba. La tano lilikuwa la hayati baba yake Man-seok, ambaye, kwa taarifa yenu, alikufa kwa ini. Kisha Noh akatoa nusu ya kibuyu kikavu kutoka kwenye mfuko wa plastiki, akakifudikiza mbele ya gurudumu la kulia. Tambiko la gari haliishi mpaka mwenyewe akipasue kibuyu kwa gurudumu, ili mkosi ushtuke ukimbie.

"Mwenye gari apasue!" akaamuru. "Funguo?"

Sahani ilikuwa tupu. Watu wote wakamgeukia Sun-im. Hakuna mtu Neutigol aliyekuwa hajui habari za kuku anayeatamia.

"Apasue mtu mwingine," akasema Sun-im. "Yupo mzee wa kanisa hapa, hanywi."

"Mtu mwingine?" Noh akashika tai yake kana kwamba imetukanwa. "Kibuyu cha gari la Man-seok kipasuliwe na mguu wa mtu mwingine, bahati yote ihamie kwa huyo? Mama Eun-sol, mambo ya mizimu huyajui."

"Ni hatua tatu tu," akasema Man-seok. "Mita tatu! Hata ng'ombe anaweza."

"Basi mlete ng'ombe."

Uwanja mzima ukacheka, na kwa kitambo kidogo Sun-im alikuwa ameshinda. Laiti angekaa kimya na kuondoka zake. Lakini Man-seok alimsogelea, uso umewiva, akamnong'oneza kwa sauti ambayo watu wa mbele waliisikia vizuri: "Usiniaibishe mbele za watu."

Wanawake wakatazama chini. Shangazi mmoja akaguna, "Jamani, siku ya mtu hii." Mwenyekiti akanyoosha kiganja. Na Sun-im, ambaye alishindana na mwanaume yule akiwa peke yake miaka yote, gizani, jikoni, kwenye banda la kuku, alihisi macho ya watu arobaini usoni pake na akanywea. Akaingiza mkono mfukoni.

"Na bakuli la kibuyu!" akakumbusha Noh.

Akamimina la sita kwa mkono wa kulia, akatoa funguo kwa mkono wa kushoto.

Kibuyu kilipasuka paa! Ilikuwa sauti safi, na makofi yakalipuka. Sun-im alisubiri gari lisimame. Taa nyekundu za nyuma hazikuwaka. Mkono wa Man-seok ulitoka dirishani ukapunga, naye akapaza sauti, "Hadi bwawani na kurudi! Nalitoa nailoni!" Gari likatoka langoni huku likipiga honi, na wenye akili zao wakalipigia makofi zaidi.

Barabara ya bwawani ni nyembamba, na wiki ile ilikuwa nusu barabara. Nusu ya pili ilikuwa imetandikwa nyavu za buluu, na juu ya nyavu mpunga wa mwenyekiti Noh ukianikwa juani. Kila vuli wilaya inakataza kuanika mpunga barabarani, kila vuli mwenyekiti analisoma katazo hilo kwenye kipaza sauti cha kijiji, kisha anakwenda kuanika wake.

Sun-im alikuwa amefika langoni. Kwa mbali alisikia honi, na chini ya honi akasikia magurudumu ya Bun-i yakilia. Kisha hakuyasikia tena.

Alikimbia na birika mkononi, hakujua kwa nini. Gari lilikuwa limesimama mshazari, gurudumu moja la mbele mtaroni. Kigari cha mtoto kilikuwa kimekunjika, lile jiwe zito liko katikati ya lami. Man-seok alikuwa amesimama kando, ameshika mlango. Alipomwona mwenyekiti anakuja mbio nyuma ya mkewe, alisema maneno ambayo Sun-im hatayasahau mpaka anaingia kaburini.

"Mwenyekiti, mpunga wako sikuugusa."

Ilikuwa kweli. Hakugusa hata punje. Alikunja kona, akauona mpunga, akakumbuka kwamba chakula hakikanyagwi, akaukwepa kwa ustadi wote wa mkono wake uliotulia, akamfuata Bun-i upande wa pili.

Bun-i alikuwa amelala chali ukingoni mwa mtaro. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia ulikokuwa haupaswi kugeukia. Uso ulikuwa mweupe, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Man-seok," akasema, "leo umeona mbali kiasi gani?"

"Shemeji, shemeji, nisamehe, uliibuka ghafla..."

"Mimi? Mimi sijaibuka ghafla tangu nilipozaliwa."

Sun-im akapiga magoti, akavua aproni ili amtilie chini ya kichwa. Bun-i aliutazama mfuko wa aproni, ulivyolala bapa bila kitu ndani. Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu Sun-im amjue, akalia kwa maumivu kama mtoto.

Gari la wagonjwa lilikuwa njiani, na la polisi nalo. Hapo ndipo mwenyekiti Noh alipoonyesha kwa nini wanamchagua kila uchaguzi. Alimtuma mtu ukumbini, ikaletwa chupa ya soju, ile kali ya kijani, akaifungua kwa meno.

"Kunywa," akamwambia Man-seok. "Haraka, kabla hawajafika. Kunywa yote. Wakikupima, tunasema ulikunywa baada ya ajali, kwa mshtuko. Hakuna kipimo kinachojua ipi ni ipi."

Bibi wa watu yuko chini, mfupa wa nyonga umesagika, na mita nne kutoka kichwani pake wanaume wanamimina. Man-seok akapokea kikombe kwa mikono miwili. Na kwa kuwa mwenyekiti ni mkubwa wake kwa miaka mitatu, aligeuza uso pembeni akinywa, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyopaswa kunywa mbele ya mkubwa. Adabu yote aliyofundishwa na wazazi wake ilikuwapo pale, hakuna iliyopungua.

Polisi aliyekuja alikuwa sajini kijana, Pyeon, aliyekuwa na daftari na sura ya mtu asiyelala vya kutosha. Kifaa cha kupima pombe kilipopulizwa kikatoa namba kubwa. Lakini watu wa Neutigol walikuwa wameshapanga sauti.

"Alikunywa sasa hivi, afande, kwa mshtuko," akasema mwenyekiti. "Chupa hii hapa."

"Na kwenye tambiko?"

"Aligusisha midomo tu. Kwa heshima ya mizimu."

"Midomo tu," wakaitikia watu. Mzee mmoja akaongeza kwamba hakumwona hata akigusisha. Walikuwa arobaini, na wote wakawa vipofu kwa pamoja.

Sajini akamgeukia Sun-im. "Wewe ni mke wake, mama. Ulikuwepo?"

Gari la wagonjwa lilikuwa linafunga milango yake. Sun-im alikuwa bado ameshika birika, na Man-seok alimtazama kwa macho yaleyale ya uwanjani, macho ya usiniaibishe.

"Mabakuli sita," akasema Sun-im.

"Mama Eun-sol!"

"Sita, yamejaa. La kwanza nilijaza nusu nikachekwa, nikajaza. Pombe nimeipika mimi, siku kumi, ni kali. Chupa hiyo ya kijani amepewa baada ya kumgonga dada, amepewa na mwenyekiti, ili kukuchanganya wewe. Andika."

"Sun-im, umerukwa na akili?" akafoka Noh. "Huyu ni mumeo!"

"Najua ni nani. Nimekaa naye miaka thelathini na mmoja, wewe umekaa naye mchana mmoja." Akamgeukia sajini, kalamu ilikuwa imesimama. "Bado sijamaliza. Funguo nilikuwa nazo mimi, mfukoni. Nilimpa mimi kwa mkono wangu. Hilo nalo liandike, na jina langu karibu yake."

Man-seok alikaa chini juu ya nyavu, katikati ya mpunga wa mwenyekiti. Safari hii aliugusa.

Leseni ilifutwa, mahakama ikampa kifungo cha nje na saa nyingi za kufagia bustani za wilaya akiwa amevaa fulana ya rangi ya chungwa. Mwenyekiti aliitwa mjini mara mbili, akaenda na tai, akarudi bila uenyekiti. Neutigol ikamnunia Sun-im. Walisema amemuuza mumewe. Wanaume wakaacha kununua tofu yake, na wake zao wakawa wanakuja kuinunua kwa mlango wa nyuma, wakimwambia chinichini kwamba amefanya vizuri, halafu wakipita barabarani wasimsalimie. Man-seok mwenyewe hakumpiga wala kumfukuza. Alikaa sebuleni akitazama ukuta, na akiulizwa na wageni alisema bado haelewi, kwa sababu tambiko lilifanyika sawasawa na nguruwe alikuwa na tabasamu zuri. Gari la buluu lilikaa uani. Samaki mkavu alikuwa bado ananing'inia ndani na uzi wake mweupe, mdomo wazi.

Chang-gyu alikuja kumchukua mama yake moja kwa moja kutoka hospitali. Bun-i hakubisha, mapatano ni mapatano.

Sun-im alipata nafasi ya kwenda Daejeon katikati ya Desemba. Alibadili mabasi mawili, tofu ameifunga kwa taulo tatu na kuikumbatia kifuani. Alimkuta Bun-i kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, nywele amekatwa fupi na watu asiowajua. Magurudumu ya kiti kile yalikuwa mapya na hayakutoa sauti hata kidogo.

"Wanasema umemuuza mumeo," akasema Bun-i.

"Wanasema."

"Kwa bei ile ulipunjwa. Mimi ningemtoa bure na birika juu."

Sun-im akacheka, na kucheka kukamtoa machozi. Akafungua taulo, akakata tofu kwa kijiko. Bun-i alitafuna polepole, akimtazama.

"Pipa la mchele," akasema. "Kuku. Sidiria. Miaka thelathini na mmoja nakucheka na kukusifu moyoni, nasema huyu mdogo wangu ana kichwa. Halafu siku yenyewe, nimekwambia zikae humo humo, unazitoa."

"Walikuwa wananitazama, dada."

"Nani?"

"Watu."

"Watu gani?" Bun-i akaweka kijiko chini. "Wale? Noh na tai yake? Wale tuliokuwa tunakaa barazani kuwacheka kila jioni? Hao ndio ukawaonea haya?"

Jibu Sun-im alikuwa amelitafuta tangu Oktoba, usiku na mchana, hakulipata, na sasa aliinamisha kichwa kama bibi harusi aliyevunja tofu yake ya kwanza. Kisha Bun-i akachukua kijiko, akala kipande kingine, akakunja uso.

"Imepoa," akasema. "Siku nyingine uilete ya moto."

"Nitaileta ya moto, dada," akasema Sun-im, ingawa wote wawili walijua kwamba hakuna basi la kutoka Neutigol linalofikisha tofu Daejeon ikiwa ya moto.